Makopo ya Makame

Eda nimeikalia ghorofa ya tatu, Glasgow,
miezi minne na siku kumi,
mvua ikipiga dirisha kwa ubavu
kama mtu anayebisha akijua hafunguliwi.

Makame hakuacha mali.
Aliacha ngazi ya alumini, viatu vyenye madoa,
na chini ya kitanda makopo kumi na tisa,
kila kopo na salio lake: robo, kikombe, ukoko tu.
Juu ya vifuniko, kwa kalamu ya risasi,
mwandiko wake uliolala kama umechoka:
*Mlango wa daktari wa meno. Nyekundu. Mipako miwili.*
*Shule ya chekechea. Kijani. Wamelipa nusu.*
*Jiko la Senga. Bure.*

Barua hakuwahi kuniandikia.
Miaka kumi na minne ya ndoa, hata kijikaratasi.
Usiku ule nilivisoma vifuniko vyote,
nikavisoma tena, kuanzia chini.

Nyeupe ya huku ina majina:
maziwa, pamba, ganda la yai, ukungu wa asubuhi.
Alikuwa akinihesabia huku akila.
"Mize, nyeupe moja, wameizaa mara arubaini!"
Na nyeusi je?
Akatafuna. "Hiyo ni moja. Inatosha."

Nikachovya brashi.
Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa uchi bado,
plasta na kutu ya misumari.
Kinyozi hajinyoi, alinijibu kila mwaka,
na kila mwaka nilinuna.

Nilitaka uso wake. Uso ukanikataa.
Jicho likawa la samaki, mdomo ukawa wa mjomba wake.
Nikafuta kwa kitambaa, nikafuta kwa kiganja,
nikalia kwa hasira
kama aliyeibiwa na mtu anayemjua.

Basi nikachora mgongo.
Mgongo naujua:
alfajiri, pembeni ya kitanda, anafunga kamba za viatu,
taa haijawashwa asije akaniamsha,
nami macho, sisemi.

Senga alipanda na supu ya dengu na goti lake bovu.
Hakusema pole. Aliutazama ukuta mpaka supu ikapoa.
Kisha: "Bega la kushoto lilikuwa chini zaidi.
Lile la kubebea ngazi."
Nimelala na mtu miaka kumi na minne,
jirani ndiye wa kunisahihisha bega lake!
Nikalishusha. Upana wa kidole.
Chumba kikajaa.

Shingo ilibaki. Rangi ya shingo haikuwamo koponi.
Nilichanganya mlango na shule,
nikatia tone la jiko la Senga, manjano ile ya siagi,
nikazidisha, nikarudi nyuma, nikazidisha kwa upande mwingine,
hadi nilipoweka mkono ukutani kulinganisha
na mkono ukapotea.

Mama alisema mikono hii ni ya kusuka ukili.
Hospitali ikasema ni ya kushika ufagio, zamu ya usiku.
Mimi sikuwahi kuulizwa,
wala, kusema kweli, kujiuliza.

Eda imekwisha Jumanne. Nimeoga, nimepanda basi
kwenda kuutazama mlango wa daktari wa meno.
Wameupaka buluu.
Nilisimama pale, kikosi kikilowa, mpaka mhudumu akachungulia:
una miadi?
Karibu na tundu la ufunguo, pale funguo zinapokwaruza,
nyekundu ilikuwa inatazama nje.
Nikamwambia sina.

Nimerudi. Mchanganyiko uliobaki nimeumimina
katika mtungi uliokuwa wa jemu.
Nimechonga kalamu yake ya risasi, imebaki fupi kama jino.
Kwenye kifuniko nimeandika:
*Chumba cha nyuma. Mipako sita. Haijakauka.*
Nikaongeza: *Ngozi.*
Ya nani, sikuandika.